Ree ya Kopa Ndani ya Soksi

"'Mwalimu, huna kitu mkononi, unatutisha tu!' Hayo ndo maneno ya mtoto wangu! Mbele ya darasa zima!"

"Dada, punguza sauti basi, majirani wata..."

"Waje! Waje wakae, nitawapa na viti! Waone mjomba mtu alivyoniharibia watoto!"

"Sijaharibu mtu mimi. Kwani huyo mwalimu alikuwa na kitu mkononi?"

Hapo ndo kijana alipochokoza nyuki. Dada yake, fundi cherehani anayejulikana mtaa mzima kwa mkono mzuri na mdomo mkali, alikuwa kasimama katikati ya chumba cha mbele, futi ya kupimia inaning'inia shingoni, pini kazibana pembeni ya mdomo. Anavyoweza kufoka na pini mdomoni bila kumeza hata moja, hilo hajawahi mtu kulielewa. Kazitema kiganjani, kazichomeka kwenye kile kimto chake cha pini, halafu kaanza upya, sasa mdomo wote uko huru.

Kijana kaegemea meza ya kukatia nguo, kakunja mikono. Ndo kwanza kamaliza shule. Matokeo bado, kazi hana, kukaa hawezi. Kila kukicha anahama: kwenye duka la mikate kakaa mpaka unga ulipomkaba, kwa fundi simu kakaa mpaka alipoiona simu ya kwanza, kwa muuza matairi kakaa mpaka muda wa chai. Dada mtu ndiye aliyemlea, kwa hiyo kampa kazi asiyoweza kuikimbia: watoto wakirudi shule awape chakula, asimamie kazi zao za shule, awaangalie mpaka cherehani inyamaze jioni.

Na kawaangalia kweli. Tatizo ni kwamba kawaangalia huku karata ziko mezani.

Watoto wenyewe ni wawili. Mkubwa msichana, mwembamba, mkali, mjomba wake kambandika jina Sindano na likaganda. Mdogo wa kiume ni Bonge, na ukimwona huulizi kwa nini. Saa hizi wote wawili wamekaa chini ya meza ya kukatia, juu ya vipande vya vitambaa, wametulia kama hawahusiki.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Asubuhi kuna mtoto kachora ubaoni picha ya mwalimu wa hesabu, kichwa kama tikiti, miguu kama njiti za kiberiti. Mwalimu kaingia, kaitazama, kasema, "Aliyechora namjua. Nahesabu mpaka tano, ajitokeze mwenyewe." Darasa likapoa. Kuna waliokuwa hawajachora chochote ambao walishaanza kunyanyuka kukiri. Sindano kanyoosha kidole kwa adabu zote, kasema, "Mwalimu, ungekuwa unamjua usingehesabu. Huna kitu mkononi, unatutisha tu ili tutupe karata zetu."

Mama kaitwa shule. Kaacha suti ya mteja imejaa pini, mteja mwenyewe yumo ndani yake. Kufika huko, kabla hajamaliza kuomba radhi, mwalimu wa Bonge naye kamdaka mlangoni. "Mama, na huyu wa kwangu njoo umsikie." Bonge kasimamishwa ahesabu. Kahesabu vizuri tu, sauti ya kujiamini: "Saba, nane, tisa, kumi, ghulamu, malkia, mfalme." Mwalimu kamuuliza, na baada ya mfalme? "Baada ya mfalme ni ree. Halafu unachanga upya."

Sasa mtu katoka huko na moto wake, anafika nyumbani, anamkuta mdogo wake kafunga begi, kavaa viatu, kachana nywele. Eti anaondoka. Eti mchora mabango wa mji wa pili kakubali kumfundisha kazi, na pikapu yake inapita saa kumi kumchukua.

"Umewawasha wanangu moto, halafu unachukua begi!" dada mtu kasema. Begi lenyewe halikuwepo tena pale lilipokuwa. Lilikuwa ndani ya kabati la nguo za wateja, limefungiwa, na ufunguo kautundika shingoni pamoja na futi. "Huendi popote. Ulichowaingiza kichwani utakitoa kwanza. Ukimaliza, nenda hata mwezini."

"Kinatokaje, dada? Ingekuwa mshono ningefumua."

"Utajua mwenyewe kinatokaje! Wewe si ndo fundi wa karata? Kamari, ndani ya nyumba yangu!"

"Kamari gani? Hatujawahi kuweka hata senti. Tunachezea vifungo."

Dada mtu kageuza kichwa polepole, kalitazama kopo la vifungo kwenye rafu.

"Vifungo gani?"

Chini ya meza Bonge kaufunika mfuko wa kaptula yake kwa mikono yote miwili.

"Kumbe!" mama kasema. "Lile koti la juzi limetoka na vifungo vyeusi juu na vya kahawia chini, mteja ananiuliza kama ndo fasheni, namjibu ndiyo! Kumbe vifungo vyangu vinashindaniwa!"

"Lakini kavipata kwa halali," mjomba mtu kasema. Jicho lake moja lilikuwa kwenye saa ya ukutani. Mchora mabango kasema wazi: nikipiga honi usipotoka, naenda zangu, wanaotaka hii kazi ni wengi. Na hii kazi aliitaka kuliko zote zilizotangulia. Aliyaona yale mabango, maandishi marefu kama mlango, na mtu anayapaka akiwa juu ya ngazi, kesho ukuta huu, keshokutwa mji mwingine. Ndo kazi pekee aliyowahi kuiona ambayo haina kukaa. "Dada, nisikilize. Huyu Bonge zamani akishindwa kitu alikuwa anafanyaje?"

"Anauma watu."

"Sasa hivi?"

Ukweli ni kwamba hakuna mtu aliyekuwa kaumwa siku nyingi, na dada mtu alidhani ni meno yanabadilika.

"Na Sindano, si alikuwa hawezi kungoja? Chakula kikiwa jikoni analia, mtu akiongea anadakia. Sasa anajua kuna zamu. Anakumbuka karata zote zilizopita, dada, zote! Nani kaweka nini, lini. Anasoma sura ya mtu kuliko unavyosoma futi."

"Ndo maana kasoma ya mwalimu."

"Na kaisoma sawasawa!"

Wakati huo mume wa nyumba kaingia, kinyozi wa kibanda cha pembeni, nywele za watu mabegani, brashi mkononi. Huyu ni mtu mpole mpaka wateja wanasinzia akiwanyoa. Kelele kazisikia kutoka kibandani, kasubiri zipungue, kaona hazipungui.

"Mama watoto," kasema, "umeshawahi kuwaona wakicheza?"

"Sijawaona na sitaki."

"Mimi nimewaona. Ungewatazama mara moja tu, ukaona wanachojifunza, halafu ndo ukawaka."

"Mwache, shemeji," kijana kasema, na hapo ujanja ukamwingia machoni. "Dada anaogopa. Karata zina hesabu kidogo."

"Nani anaogopa?"

"Hapana, sijasema kitu. Siyo kila mtu ana kichwa cha..."

"Nani. Anaogopa?"

Kavua ile futi shingoni, kakisogeza kimto cha pini, kafagia vitambaa mezani kwa mkono mmoja. "Kaeni. Nikishinda mimi na baba watoto, unakaa hapa mpaka matokeo yako yatoke, na hizo karata nazitia jikoni zipikie maji ya kuoga."

"Na nikishinda mimi na Sindano, unanipa begi langu na naondoka na baraka zako. Siyo kuondoka tu. Na baraka."

"Haya."

Chini ya meza Sindano katoka. Hajaruka kwa furaha kama siku nyingine. Kapanda kiti, kakaa mkabala na mjomba wake, kavuta soksi zake za shule juu mpaka magotini. Mjomba hakulitilia maanani hilo. Alikuwa anatazama saa.

Bonge kawa refa. Kapanda juu ya kigoda, kaunga mikono nyuma, kazitaja sheria za nyumba kwa sauti ile ile wenzake wanayotajia mahali sahihi pa kuvukia barabara: "Kopa ndo turufu, kopa inakula zote. Kupeana ishara ruksa. Kuiba, ukikamatwa, upande wako umeshindwa hapo hapo. Na aliyeshindwa ndo anachanga, na hanuni!"

"Hanuni?" mama kauliza.

"Akinuna tunamcheka," Bonge kasema.

Karata zenyewe zilikuwa zimechoka, kona zimejikunja kama masikio ya paka. Tisa ya shupaza ilishapotea, wakaikata nyingine kwenye boksi la sabuni, na mpaka leo ukiishika inanukia. Kijana kazisukuma kwa dada yake. "Changa wewe. Taratibu tu, usijali zikianguka."

Dada mtu kazichukua. Kazigonga mezani mara moja, kazigawa nusu kwa nusu, vidole gumba vikafanya kitu, na karata zikaingiliana *frrrrr*, zikapinda kama daraja, zikalala zenyewe. Kafanya tena. Halafu kazitandaza kama feni, kazifunga kwa mkono mmoja.

Bonge nusura adondoke kigodani.

"Mama watoto," kinyozi kasema, "miaka yote hii?"

"Nililala bweni mimi," kasema, hajatabasamu. "Walinikoma. Kata."

Mchezo ukaanza, na kwa mizunguko ya mwanzo kijana kajuta kuzaliwa. Dada yake alikuwa anakula kimya kimya, rundo linakua mbele yake kama nguo za kunyoosha. Bahati nzuri mwenzake alikuwa shemeji, na uso wa shemeji ni dirisha lisilo na pazia. Akipata nzuri anatabasamu, akipata mbaya anaitazama picha ya harusi yao ukutani kama anayeomba msamaha. Kwa hiyo kijana na Sindano wakamlia huyo, wakasogea, wakakaribia.

Ila kulikuwa na kitu kinamwasha kijana: ree ya kopa haijaonekana. Hiyo ndo kubwa kuliko zote, ukiwa nayo unakula chochote. Kamtazama Sindano, kanyanyua nyusi. Ishara zao walizitunga wenyewe: kujikuna sikio maana yake *ninayo*, kusugua pua maana yake *sina*.

Sindano kasugua pua.

Uso mkavu, macho maangavu. Basi, kijana akajisemea, anayo dada. Hapa nimekwisha.

Nje honi ikalia. Kijana kadondosha karata yake mezani bila hata kuangalia kaweka nini, kakimbilia dirishani. Pikapu hiyo hapo, nyeupe, ngazi zimefungwa juu, makopo ya rangi yamepangwa nyuma, na mchora mabango katoa kiwiko nje.

"Nakuja! Nakuja, bosi! Namalizia kitu kidogo!"

"Kidogo kiasi gani?" jamaa kauliza.

"Kidogo sana! Kunywa hata maji!"

Bonge naye alikuwa kashuka kigodani, yuko chini ya cherehani anatafuta kifungo kilichomtoroka. Kijana aliporudi mezani alikuta shemeji yake anajisugua muundi, anauma midomo, na dada mtu kafunga uso kama duka siku ya mapumziko.

"Kulikoni?"

"Cheza," dada kasema.

Wakacheza. Dada akala, Sindano akala, shemeji akala kwa bahati mbaya akaomba radhi, kijana akala. Mpaka ukabaki mzunguko wa mwisho, na Bonge, karudi kigodani, kahesabu marundo kwa kidole, midomo inamcheza, kasema, "Mko sawa! Atakayekula huu ndo mshindi!"

Zamu ya kuanza ilikuwa ya kijana. Mkononi kabakiwa na karata moja, malkia wa kopa, aliyemtunza tangu mwanzo kama yai. Kamweka mezani kwa kumgongesha. "Malkia huyo. Mpishe."

Dada yake kamtazama. Kaitoa ya kwake taratibu, kailaza juu ya malkia, kainyoosha na kona kama anavyonyoosha kola.

Mfalme wa kopa.

Kijana kamkodolea macho huyo mfalme. Halafu kitu kikamrudia. Ree! Kama dada alikuwa nayo, angeitoa sasa. Hakuwa nayo. Na shemeji hana, ingekuwa imeandikwa usoni. Kwa hiyo! Kageuka kwa Sindano, macho yamemtoka kwa furaha. Mtoto huyu! Kamdanganya hata mwenzake, kaificha mpaka dakika ya mwisho! Huyu kapita mwalimu wake!

"Weka, mama," kasema kwa sauti ya upole. "Weka, twende."

Sindano kaitandaza mikono yake juu ya meza. Mitupu.

"Zangu zimeisha," kasema.

"Zimeisha vipi? Sote tumegawiwa sawa!"

"Zimeisha tu."

Ndo tatizo la kuficha karata: unaifikiria hiyo moja tu, hufikirii kwamba mwishoni watu wote watakuwa na kitu cha kuweka isipokuwa wewe. Bonge kashuka kigodani. Kazunguka meza, kainama kama askari anayekagua gari.

"Iko kwenye soksi," kasema. "Ya kushoto. Inaonekana."

Kaivuta mwenyewe. Ree ya kopa, imepinda umbo la mguu.

"Kuiba!" Bonge kapiga kelele, halafu sauti ikampungukia, maana kaona uso wa dada yake. "Upande wenu... umeshindwa. Hapo hapo. Ndo sheria."

Kijana kamtazama Sindano. Alitaka kuuliza kwa nini, lakini jibu lilikuwa linamtiririka mtoto mashavuni, ule uso mkavu wote umelowa.

"Ukienda nani atacheza na sisi?" kasema. "Baba hajui. Bonge refa."

Nje honi ikalia tena, mara hii ndefu. Shemeji aliitazama picha ya harusi. Kijana alihisi maneno yote mabaya yamempanda mpaka kooni: sheria gani za kitoto, haya ni maisha yangu, mnanifungia hapa kama cherehani. Alishafungua mdomo.

Ndo akawaona. Wote wawili wanamtazama, Bonge na Sindano, wametulia kabisa, jinsi wanavyotazama karata inapogeuzwa. Walikuwa wanasubiri kuona ananuna au hanuni.

Kaufunga mdomo. Kavuta kiti, kakaa. Kazikusanya karata kuanzia upande wake, na ile ree iliyopinda, na ile ya boksi la sabuni, kaanza kuchanga. Siyo vizuri kama dada yake. Moja ilianguka, kaiokota.

"Aliyeshindwa anachanga," kasema. Sauti ilimkwaruza kidogo tu. "Bonge, kaniombee radhi kwa yule mzee wa pikapu. Mwambie mjomba haendi."

Bonge hakusogea. Sindano alikuwa anafuta pua kwa mkono wa sare, macho yako kwenye zile karata zilizobaki mezani, malkia na mfalme aliyemlalia. Midomo yake ilianza kucheza, kama mtu anayehesabu kitu cha zamani. Akamtazama mama yake. Akamtazama mjomba anavyochanga.

Ukweli ni kwamba angeweza kunyamaza. Alichokitaka alikuwa kashakipata.

"Mama," kasema. "Mfalme wa kopa alishapita."

"Nani?" mama kasema haraka mno.

"Mfalme. Baba alimweka wakati mjomba kaenda dirishani. Ukampiga teke. Halafu mkala, na wewe ndo uliyemweka kwenye rundo lako." Kanyoosha kidole. "Amerudije?"

Nje injini ya pikapu ilikuwa bado inanguruma. Shemeji kausugua tena muundi wake. "Mimi nilidhani wako wawili," kasema kwa sauti ndogo.

Bonge hakuhitaji kuambiwa. Kaenda upande wa mama yake, kainua kitambaa, kainua mkasi, kainua kimto cha pini. Chini yake, imelala imejikunja kwa aibu, mbili ya pau, karata yake halisi ya mwisho.

"Mama!" kasema. "Mama kaiba!"

"Bweni," kinyozi kanong'ona, anatikisa kichwa. "Bweni zima lilimkoma."

Dada mtu kajaribu kukaza uso. Alikaza mdomo ukakubali, alikaza nyusi zikakubali, lakini mashavu yakamsaliti. Kwanza ilitoka pumzi puani, halafu kicheko chenyewe, kile cha tumboni, akashika meza kwa mikono miwili. "Huyu mtoto!" anasema katikati ya kicheko. "Kaniona! Mimi! Hakuna aliyewahi kuniona!"

"Refa," kijana kasema, hajui acheke au asubiri. "Inakuwaje hapo?"

Bonge kakuna kichwa. Hili halikuwemo kwenye sheria. "Sindano kaiba, upande wenu umeshindwa. Mama kaiba, upande wao umeshindwa." Kafikiri mpaka akatoa ulimi. "Baba hajaiba. Mjomba hajaiba. Mjomba kashachanga, kwa hiyo yeye kashashindwa." Uso ukang'aa. "Mshindi baba!"

"Mimi?" kinyozi kasema. Katazama kushoto na kulia kama kuna baba mwingine. Huyu mtu hajawahi kushinda chochote, hata bahati nasibu ya sabuni. Kasimama, kajipangusa nywele mabegani, kawa mrefu kidogo. "Basi mimi nasema... aende. Na karata zibaki. Na mimi nifundishwe."

Dada mtu alishaacha kucheka, anafuta macho kwa ncha ya kitambaa cha mteja. Kautoa ufunguo shingoni, kaufungua mlango wa kabati. Begi kalitoa mwenyewe.

"Mtoto kaiba ili ubaki," kasema bila kumtazama. "Na mimi nimeiba ili ubaki. Sasa ukirudi kesho muda wa chai, utanitambua."

"Sirudi kesho."

"Keshokutwa je?"

"Dada!"

"Na shati hilo. Kifungo cha juu kimeenda wapi? Unakwenda kwa watu kama umetoka kupigana." Kapagusa pale palipokosa kifungo, kageuka kwa kopo lake, halafu akakumbuka. Kanyoosha kiganja kwa Bonge bila kugeuka. "Wewe refa. Lipa."

Bonge katoa mali yake yote, kaitandaza, kaipitia kwa uchungu. Kachagua kikubwa kuliko vyote, cha kahawia, kinang'aa, cha koti la mtu. Kakitoa. Mama kakishona pale pale kijana akiwa kasimama, sindano inapita karibu na koromeo, honi inalia nje, naye kajaribu kusema anachelewa.

"Ukitikisika nakuchoma."

Hakutikisika. Dada mtu kaukata uzi kwa meno, kampiga kifuani kofi dogo. "Nenda. Na baraka. Na usiwafundishe watoto wa watu."

Sindano ndo alikuwa wa mwisho. Kamkumbatia mjomba kiunoni kwa nguvu, mkono mmoja ukapita mfuko wa nyuma wa suruali, haraka, ukatoka. Halafu karudi nyuma, kakaa kwenye kiti chake kama kuna mchezo unaendelea.

Kijana kabeba begi, kafika mlangoni. Nyuma yake Bonge alikuwa kashaanza kuzihesabu karata, kopa kwanza, kazi ya refa haina likizo: "...nane, tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili..."

"Umesikia?" kijana kasema. "Kapita kumi!"

"Jamani," Bonge kasema. "Kopa zimepungua. Moja haipo."

Wote wakageuka kumtazama Sindano.

"Sindano!" mama kasema.

"Abee, mama?"

Uso mkavu. Macho maangavu. Kamtazama mjomba wake moja kwa moja, na bila haraka yoyote, akasugua pua.

Kijana kautia mkono mfuko wa nyuma. Kitu kigumu kidogo, kimepinda umbo la mguu. Dada yake alikuwa kashaanza kugeuza shingo kumtazama yeye, na zile pini zimesharudi mdomoni. Kijana akajikuna sikio, akatoka, akafunga mlango.